Bahari Nayo Hufa kwa Shibe

Sisi jamaa wa pwani tuliohamia Diepsloot tuna mazoea ya kusema kwamba bahari tumeiacha mbali. Kwa hesabu ya basi ni kweli. Kutoka hapa hadi Durban ni safari ya kutwa, na kutoka hapa hadi Tanga, Unguja au Mombasa ni mwendo wa siku kadhaa, wenye mipaka mingi na mihuri mingi. Lakini kwa hesabu ya maji, bahari iko mlangoni petu. Maji tunayomwaga asubuhi baada ya kufua yana njia yake ya kwenda Bahari ya Hindi, bahari ileile wanamovua shemeji zetu na wajomba zetu hadi leo.

Nimeombwa niandike katika kitabu chetu cha mwaka huu jambo la elimu litakalowafaa wazee na vijana. Nilisimama mbele ya ubao miaka 34, nikifundisha habari za viumbe, kwa hiyo nimechagua jambo ninalolijua kidogo, nalo linatuhusu kwa pande zote mbili, huku tunakoishi na kule tulikotoka. Nataka kueleza namna maji machafu yenye rutuba yanavyoharibu mlo wa viumbe vya baharini, tangu mmea usioonekana kwa macho mpaka nguru anayejaza sinia. Msomaji asiogope. Hakuna hesabu ngumu hapa, na mwisho wa makala nina ombi kwa kila nyumba inayotuma fedha za ujenzi nyumbani.

NJIA YA MAJI

Johannesburg imejengwa juu ya mgongo wa nchi uitwao Witwatersrand. Mvua inayonyesha kusini ya mgongo huo huteremka mto Vaal, kisha mto Orange, na kuishia Bahari ya Atlantiki. Mvua inayonyesha kaskazini, upande wetu, huingia mto Jukskei. Mto huu huanzia chini ya majumba ya mjini, sehemu za Ellis Park, ukapita Alexandra, ukaja kupita karibu nasi, kisha ukaungana na mto Crocodile na kuingia bwawa la Hartbeespoort, lililokamilika mwaka 1923. Ukitoka bwawani, mto Crocodile huendelea mpaka ukutane na mto Marico, na hapo ndipo maji yanapopata jina la Limpopo. Limpopo hupakana na Botswana, hupakana na Zimbabwe, huingia Msumbiji, na humwaga maji yake baharini karibu na mji wa Xai-Xai.

Jina la Diepsloot lenyewe, kwa Kiafrikana, maana yake ni mfereji wenye kina. Makazi haya yalianza mwaka 1995, na waliotangulia walihamishiwa hapa kutoka Zevenfontein na sehemu nyingine. Tangu hapo watu wameongezeka upesi kuliko mabomba. Kila anayeishi hapa anajua mambo yanavyokwenda: choo kimoja kinatumiwa na nyumba nyingi, bomba linaziba, mfuniko wa shimo unainuliwa na maji, na uchafu unatiririka kando ya njia ya watoto wanaokwenda shule mpaka uingie kijitoni. Kijito huingia Jukskei, na Jukskei ina safari yake kama nilivyoieleza.

Mwaka jana tulikuwa tumesimama kando ya maji ya namna hiyo, mimi na mjukuu wangu wa darasa la sita, tukitafuta mahali pa kuvukia. Akaniuliza, “Babu, si ulisema kinyesi ni mbolea?” Nikamjibu, ndiyo, ni mbolea. “Na mbolea hustawisha mchicha?” Nikasema hustawisha. “Basi mbona watu wanalia kwamba maji haya yanaua samaki? Si yangewanenepesha?”

Swali hilo ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani, na makala yote hii ni jibu lake.

BAHARI ILIYOZOEA KIDOGO

Wengi wetu tukisikia neno uchafuzi tunafikiria sumu: mafuta ya meli, dawa za viwandani, zebaki. Hizo zipo, na madhara yake yanajulikana. Uchafuzi ninaousema mimi ni wa aina nyingine. Vitu vyenyewe ni chakula. Vikubwa ni viwili, nitrojeni na fosforasi, navyo hutoka katika kinyesi na mkojo, katika mabaki ya jikoni, katika baadhi ya sabuni za unga, katika samadi ya mifugo, na katika mbolea za dukani zinazosombwa na mvua kutoka mashambani. Mmea wowote, wa nchi kavu au wa majini, hauwezi kukua bila ya vitu hivyo.

Sasa tuitazame bahari ya kwetu. Maji ya miamba ya Unguja, Mafia, Kilwa au Lamu yakiwa mazuri huwa meupe hata unaona mchanga chini. Maji hayo ni meupe kwa sababu ni maskini. Yana rutuba kidogo sana, na viumbe vya mwamba vimejifunza kuishi kwa kubana matumizi, kama mama wa nyumba mwenye kipato kidogo asiyetupa hata makoko ya wali. Matumbawe hukaa na mwani mdogo sana ndani ya mwili wake, kila mmoja akimlisha mwenzake, na kinachotupwa na huyu huokotwa na yule. Hivyo mwamba ukapata utajiri wa samaki katika maji yasiyo na kitu.

Juu ya maji hayo huelea mimea midogo mno, ambayo wataalamu huiita planktoni ya mimea. Huliwa na wadudu wadogo wa majini na watoto wa uduvi, hao huliwa na dagaa, dagaa huliwa na kibua, kibua huliwa na nguru na jodari, na mwisho wa mlolongo yupo binadamu na bakuli lake la mchuzi. Kila hatua katika mlolongo huu ina gharama kubwa. Kwa kukadiria, katika kila sehemu kumi za chakula, moja tu hupanda daraja la juu, na zilizobaki huishia katika joto, mwendo na uchafu wa mwili. Kilo 1,000 za mimea midogo hulisha kilo 100 za wadudu, kilo 100 za wadudu hulisha kilo 10 za dagaa, na kilo 10 za dagaa hutoa kilo moja ya samaki mkubwa. Kwa hiyo lolote linalotokea kwenye daraja la chini hufika mezani kwetu, ingawa hatulioni likianza.

Nimpe mjukuu wangu haki yake: rutuba ikiongezeka kwa kiasi, samaki huongezeka. Mwenyezi Mungu mwenyewe ameijalia bahari mbolea yake. Wakati wa kusi, upepo unapovuma kwa nguvu kwenye pwani ya Somalia, maji baridi ya kilindini hupanda juu yakiwa yamebeba rutuba, na samaki hujaa. Lakini mbolea hiyo huja kwa msimu wake na huondoka kwa msimu wake, na viumbe vya huko vimezoea ratiba hiyo tangu zamani. Maji machafu hayana msimu. Huja Jumatatu na Jumanne, kusi na kaskazi, na huja mahali palepale.

Wazee wetu walisema, shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Njaa humlegeza mtu, lakini mwenye kushiba kupita kiasi hulewa, akaharibu alichonacho na cha wenzake. Bahari nayo iko hivyo.

HATUA ZA MAANGAMIZI

Hatua ya kwanza ni mimea midogo kuzaliana kupita kiasi. Mmea mmoja hugawanyika ukawa miwili, miwili ikawa minne. Ukipewa chakula cha kutosha, mwingi wake huweza kugawanyika mara moja kila siku. Mpe mtoto penseli afanye hesabu: baada ya siku 20 mmea mmoja umekuwa 1,048,576. Maji hugeuka kijani, au kahawia, au mekundu.

Hatua ya pili ni giza. Majani ya bahari yanayoota chini yanahitaji jua, na juu yake sasa limetandazwa pazia. Hunyauka yakafa. Majani hayo ndiyo malisho ya tasi na kasa, na ndiyo chumba cha kulelea watoto wa changu na kamba. Mvuvi atakayekosa changu mwaka ujao hatajua kwamba changu hao walikosa pa kulelewa mwaka huu.

Hatua ya tatu ni walaji kushindwa na chakula. Mtu angedhani wadudu wadogo wangefurahi kwa karamu hiyo. Lakini mimea inayostawi katika maji machafu si lazima iwe ile waliyoizoea. Mimea iliyo bora kwao, yenye ganda la kama kioo, huhitaji silika, na silika haiongezeki kwa kinyesi wala kwa mbolea. Nitrojeni na fosforasi zikizidi na silika ikabaki ilivyo, mimea ya aina nyingine huchukua nafasi, na baadhi yake haifai kuliwa au ina sumu. Ni kama mtu aliyemwagia shamba mbolea akavuna magugu.

Hatua ya nne ndiyo inayoua. Mimea ambayo haikuliwa hufa, ikazama chini kama vumbi. Bakteria huila, na katika kuila hutumia oksijeni iliyomo majini. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 katika lita, samaki wenye mbio hukimbia. Wasioweza kukimbia, kama chaza, kombe na minyoo ya matopeni, hufa walipo. Samaki waliokuwa wakila viumbe hao hukosa chakula hata kama wao wenyewe waliokoka. Anayefaidika ni yavuyavu, ambaye anastahimili maji yenye hewa kidogo, naye hula mayai ya samaki na watoto wao. Ndipo wavuvi wanapoanza kuvuta nyavu zilizojaa utelezi unaowasha.

Mwaka 2008 wataalamu wawili, Robert Diaz na Rutger Rosenberg, walikusanya taarifa za dunia nzima wakahesabu zaidi ya mahali 400 pwani ambapo oksijeni imekwisha au inakwisha kwa namna hii. Mahali panapojulikana sana ni Ghuba ya Meksiko, penye mdomo wa mto Mississippi unaobeba mbolea za mashamba ya Marekani. Mwaka 2017 eneo lisilo na hewa lilipimwa huko likawa kilomita za mraba zipatazo 22,700, karibu mara 9 ya visiwa vya Unguja na Pemba pamoja.

Wenzetu wenye ndugu Oman watakumbuka yaliyotokea kati ya mwaka 2008 na 2009. Mmea mmoja mdogo, Cochlodinium polykrikoides, ulizaliana katika Ghuba na Bahari ya Oman mpaka maji yakageuka rangi, na hali hiyo ikadumu zaidi ya miezi 8. Samaki walikufa kwa wingi, matumbawe yaliharibika, na baadhi ya mitambo ya kutoa maji ya kunywa baharini ilibidi isimamishwe. Maji machafu hayakuwa sababu pekee, maana bahari ile ina mbolea yake ya asili, lakini ilionekana wazi kwamba kitu kisichoonekana kwa macho kinaweza kufunga bomba la maji la mji mzima.

TUNAYOYAONA KWA MACHO

Anayetaka kuona bila ya kupanda meli, na aende Hartbeespoort. Si mbali na hapa. Bwawa lile kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa mabwawa yaliyoshiba rutuba kupita kiasi, nalo linajulikana na wataalamu ulimwenguni kwa sababu hiyo. Wakati wa joto, utando mzito wa kijani, kama rangi iliyomwagwa, hukusanyika ukingoni. Hao ni bakteria wa kijani-buluu, na baadhi yao hutoa sumu inayodhuru ini la mnyama na la binadamu. Pengine uso wa maji hufunikwa na gugu maji. Rutuba hiyo haitoki Diepsloot peke yake. Hutoka katika miji yote iliyo juu ya bwawa, na sehemu kubwa hupitia mitambo ya kusafishia maji machafu. Mtambo uitwao Northern Works, ambao ni mkubwa kuliko yote ya jiji, ni jirani yetu, na maji yake yakisafishwa huingia Jukskei. Mtambo ukifanya kazi sawasawa, mto hupumua. Ukizidiwa, au maji yakifumuka njiani kabla ya kuufikia, mto hubeba mzigo wote.

Napenda kuwa mkweli hapa. Bwawa lile ni kama chujio. Sehemu kubwa ya fosforasi huzama katika tope lake, na maji mengi ya Limpopo hutumiwa na wakulima kabla ya kuona bahari. Kwa hiyo sidai kwamba bomba lililoziba mtaani kwetu leo litaua samaki Xai-Xai kesho. Lakini mafuriko hufagia yaliyowekwa akiba, na yale ya Februari 2000 tunayakumbuka, jinsi Limpopo ilivyobeba udongo wa nchi nne na kuumwaga baharini. Zaidi ya hayo, Hartbeespoort ni somo lililowekwa wazi ubaoni. Yanayotokea pale kwa maji baridi ndiyo yanayotokea kwa maji ya chumvi, ila baharini hakuna mlima wa kusimama juu yake ukayatazama.

Wenzetu waliotoka Mwanza, Kisumu na Bukoba wana somo lao. Ziwa Viktoria lilipoanza kupokea rutuba nyingi kutoka mijini na mashambani, maji yake yalipoteza weupe na vilindi vyake vikapungukiwa na oksijeni. Gugu maji lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Sangara, aliyepandikizwa kuanzia miaka ya 1950, aliwala furu wengi, na hilo tunalijua sote. Lakini mwaka 1997 watafiti waliofanya kazi katika Ghuba ya Mwanza walieleza jambo ambalo watu hawakulifikiria: furu jike humchagua dume kwa rangi yake, na maji yakiwa na ukungu haoni rangi. Basi aina mbalimbali za furu zikaanza kuchanganyika na kupotea kwa sababu mabibi harusi hawawaoni mabwana harusi. Rutuba inaweza kuvunja hata ndoa za samaki.

Na Unguja? Mji Mkongwe kwa miaka mingi ulimwaga maji yake ya vyooni moja kwa moja baharini. Mwaka 1995 Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake wa Zanzibar na Sweden, walichapisha uchunguzi wao juu ya miamba iliyo mbele ya mji. Wao walitazama mwani mmoja mgumu kama jiwe, wa rangi ya waridi, ambao watu wengi hudhani ni sehemu ya mwamba. Mwani huo ndio saruji ya mwamba: huunganisha vipande vya matumbawe ili mawimbi yasivivunje. Walikuta kwamba kadiri unavyokaribia maji machafu ya mji, ndivyo mwani huo unavyopungua, na walipoujaribu ndani ya matangi wakaona kwamba fosfeti ikizidi hukua kwa shida. Mwamba usio na saruji hubomoka, na mwamba uliobomoka hauna pango la pweza, wala pono, wala kamba-koche.

NYUMBA TUNAZOJENGA

Sasa nafika penye ombi langu. Karibu kila nyumba inayosoma kitabu hiki inajenga au imejenga nyumbani. Kijana anafanya kazi ya ulinzi Fourways, binti anashona Diepsloot, na fedha zinakwenda Kigamboni, Pangani, Mtwapa au Nungwi kununua matofali. Hili ni jambo la heri, na sisi wazee tunaliombea. Lakini kila nyumba ina choo, na choo kina karo. Tunatuma fedha za msingi, za bati, za vigae na za rangi, na swali la karo tunamwachia fundi, naye fundi anafanya lililo rahisi: anachimba shimo, analijengea kuta zenye matundu, anaacha chini pawe wazi ili maji yanywewe na ardhi na lisijae upesi.

Penye udongo wa mfinyanzi, mbali na maji, shimo hilo lina afadhali yake. Lakini pwani ya kwetu sehemu nyingi ni jiwe la matumbawe, jiwe lenye matundu kama sifongo. Maji ya karo huteremka ndani yake bila ya kuchujwa vya kutosha, yakakutana na maji ya kisima cha jirani, na maji yakitoka yakafuata njia hiyo mpaka ufukoni. Karo lisilojaa kamwe ni karo linalovuja. Tunalisifu shimo kwamba “halijajaa miaka kumi,” kumbe limekuwa likijaa baharini.

Nyumba moja haiui hori. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na pwani zetu zimejaa nyumba, hoteli na magereza ambayo zamani hayakuwapo. Hori ya Mtwapa imekuwa ikichunguzwa na wataalamu wa bahari kwa sababu ya maji machafu yanayoingia humo. Kwa hiyo huenda ikawa kwamba mkono wa kuume unamtumia mjomba fedha za kununulia mashine ya mashua, na mkono wa kushoto unamtumia karo linaloua majani wanamolelewa samaki atakaowafuata kwa mashua hiyo. Mama zetu wanaolima mwani ufukoni nao wanalima katika maji hayohayo.

Madrasa mwalimu wetu alitufundisha adabu za maji kabla ya kutufundisha mambo makubwa: mtu asikojoe katika maji yaliyotuama, wala njiani, wala kivulini watu wanapopumzika. Tulidhani ni habari ya unadhifu tu. Nilipofika sekondari na kusoma habari za bakteria na oksijeni, nikaona kwamba vitabu viwili vinakubaliana.

DAWA IPO

Sitaki nimwache msomaji na huzuni, maana ugonjwa huu una tiba kuliko magonjwa mengi ya bahari. Joto la dunia haliko mikononi mwetu peke yetu, lakini choo kiko.

Kwanza, elimu ya kutoa rutuba katika maji machafu imekua hapa hapa jirani. Katika miaka ya 1970, huko Pretoria, mhandisi James Barnard alionyesha jinsi ya kuyapitisha maji machafu katika vyumba vyenye hewa na visivyo na hewa kwa mpangilio maalumu, ili bakteria wenyewe waiondoe nitrojeni na kuibeba fosforasi. Njia hiyo, iitwayo Bardenpho, imeenea duniani. Mwaka 1980 serikali ya Afrika Kusini iliweka kanuni kwamba katika mabonde yaliyo hatarini, la Crocodile likiwamo, maji yaliyosafishwa yasizidi miligramu 1 ya fosforasi katika lita. Kanuni ni kitu kimoja na utekelezaji ni kitu kingine, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba njia haijulikani.

Pili, bahari husamehe. Katika ghuba ya Kaneohe, visiwa vya Hawaii, maji machafu yalikuwa yakimwagwa juu ya matumbawe, na mwani wa kijani ukayafunika. Mwaka 1977 na 1978 mabomba yaligeuzwa yakapelekwa bahari kuu. Maji ya ghuba yakaanza kutakata kwa muda mfupi, na matumbawe yakaanza kurudi, ingawa mwani wenyewe ulichukua miaka mingi kuachia. Kwenye Bahari Nyeusi nako, kilimo cha nchi za Kisovieti kilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mbolea ikapungua, eneo kubwa lililokufa kaskazini magharibi mwa bahari hiyo lilianza kupata hewa tena.

Kwa hapa Diepsloot nasema haya. Matambara, nepi, nywele na mafuta ya kukaangia visitiwe chooni wala katika shimo la maji. Vinaziba bomba, na bomba likiziba ni mtaa mzima unaoadhirika. Mafuta yaliyobaki yafungwe katika chupa yatupwe na taka. Bomba likifumuka, lisipitwe kama jambo la kawaida. Mmoja apige simu, aandike namba ya taarifa, na kesho yake jirani apige tena kwa namba hiyohiyo. Nimeona wazi kwamba taarifa ya watu 20 haichelewi kama ya mtu mmoja. Na watoto wasicheze katika kijito, hata maji yakionekana meupe.

Kwa nyumbani, ombi langu ni maswali manne ya kumwuliza fundi kabla ya kutuma fedha. Karo litakaa mbali kiasi gani na kisima, na mbali kiasi gani na mahali bamvua linapofika? Je, litakuwa na vyumba viwili vilivyosakafiwa chini na pembeni, ili uchafu utuame na uweze kufyonzwa na gari? Maji yanayotoka chumba cha pili yatakwenda wapi: shimoni, au kwenye kitalu cha migomba na matete kitakachokula rutuba hiyo kabla haijafika pwani? Na mikoko iliyo mbele ya kiwanja itaachwa? Mikoko huzuia matope na hunywa rutuba, tena haidai mshahara.

Karo la namna hiyo lina gharama zaidi, na gari la kufyonza nalo linataka fedha zake. Najua fedha hizo zinapatikanaje, maana nawaona vijana wetu wakitoka alfajiri na kurudi usiku. Lakini anayeweza kuongeza dari ya jasi na geti la nakshi anaweza kuongeza sakafu ya karo. Wageni wataisifu dari. Sakafu ya karo hakuna atakayeisifu, ila mjomba atakapotoka baharini na tenga lake lina changu, mtakuwa mmekula sifa yake pamoja na wali.

Na yule mjukuu wangu ameelewa. Juzi nilimsikia akimweleza mwenzake kwamba mchicha ukimwagiwa ndoo nzima ya samadi mbichi huungua, na kwamba bahari ni kitalu kimoja tu, cha watu wote.